Barua ya Raudha Chini ya Chupa ya Chai

Hakuwa na mjomba wizarani. Hakuwa na kompyuta. Hakuwa na chumba cha peke yake. Alisomea jikoni kwa mama yake, ameegemea debe la unga. Hakuwa na moyo mzima, kwa maana ya daktari, maana valvu moja ilivuja tangu utotoni. Na hakuwa na ujanja wa kupita mlango wa nyuma.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Raudha Mwinjuma. Leo tunamkumbuka Raudha.

Alizaliwa Mwananyamala, akakulia Mwananyamala. Mama yake, Bi Hija, anafuma vitambaa vya makochi, na kwa vitambaa hivyo alimsomesha mpaka chuo kikuu. Raudha akaajiriwa kuwa afisa maendeleo ya jamii, katika ofisi moja ya umma pembezoni kabisa mwa jiji. Alitoka nyumbani alfajiri, akarudi miguu imevimba. Bi Hija alikuwa akimkanda kwa maji ya moto.

"Acha kazi hiyo, mwanangu. Itakuua."

"Mama, sitaki kuacha. Nataka kuiongoza."

Hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Kuna ufadhili wa masomo ya uzamili kwa watumishi wanaoandaliwa kuwa viongozi wa umma. Raudha aliutaka ufadhili huo. Aliutaka mwaka wa kwanza, akautaka wa pili, akautaka wa tatu.

Sasa, nyie mlio maofisini utaratibu mnaujua. Mtumishi haandiki barua ikatoka moja kwa moja. Juu ya barua huandikwa "Kupitia kwa", kisha cheo cha mkuu wake. Mkuu asiposaini, asipogonga muhuri, barua haitoki. Na bila barua hiyo, maombi hayapokelewi.

Mkuu wake aliitwa Bwana Fransis. Si mtu katili. Alimsifia Raudha mbele za watu. Demetria, aliyekuwa akigawana meza na Raudha, anasimulia:

"Alikuwaga anaingia kwa adabu. 'Shikamoo bosi, ile barua yangu?' Bosi anacheka. 'Marahaba, mama mkurugenzi! Nimeiona. Tutaangalia.' Na kweli ameiona, maana ameiwekea chupa ya chai juu."

Mwaka wa kwanza, dirisha la maombi lilifungwa barua ikiwa chini ya chupa ya chai. Mwaka wa pili, Bwana Fransis alikwenda likizo na ufunguo wa droo mfukoni. Barua ilikuwa ndani ya droo. Mwaka wa tatu Raudha aliandika upya, na barua ikarudi palepale, chini ya chupa.

"Nikamtania," anasema Demetria. "Nikamwambia, sista, barua yako inakunywa chai kuliko sie. Ichukue, peleka mwenyewe, nani atajua?"

Raudha alicheka. Kisha akajibu: "Nikiruka ngazi leo, kesho nitamwambia nani afuate utaratibu?"

Alisubiri. Wasikilizaji wapendwa, Raudha alisubiri. Mvua za masika zikaja, nyumba za mabondeni zikajaa maji, naye akapita mitaani kuandikisha waliopoteza vyombo. Maji magotini. Siku ya tatu akaanguka barazani kwa watu. Akalazwa, akawekewa oksijeni. Bi Hija alimshika mkono, na neno la mwisho alilolisikia lilikuwa swali: "Ametia saini?"

Bi Hija akamwambia, "Ametia, mwanangu."

Hakuwa ametia. Raudha alifariki Ijumaa, akazikwa kesho yake.

Siku ya hitima, Bwana Fransis alikuja. Akavua viatu mlangoni, akainama mbele ya Bi Hija, bahasha ya kaki mkononi. Bi Hija hakuinyanyulia macho. Kwenye msiba, bahasha ni rambirambi.

"Ahsante, baba. Mpe mwenye daftari, yuko nje."

"Siyo hiyo, mama."

Bi Hija akaipokea. Juu yake palikuwa na duara la kahawia, duara la kitako cha chupa. Nusaiba, mdogo wake Raudha, akaitoa barua na kuisoma kwa sauti. Muhuri umegongwa. Saini ipo.

"Umesaini lini?" aliuliza Bi Hija.

"Juzi, mama."

"Juzi sie tulikuwa makaburini."

Wanawake waliokuwa wakipakua pilau wakageuka. Bwana Fransis akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nilimtegemea. Ningemwachia aende, ofisi ile angeiendesha nani?"

"Na sasa anaiendesha nani?"

Bwana Fransis akainuka. Akavaa viatu vyake, akaondoka. Pilau hakuigusa.

Pole, Bi Hija. Pole, Nusaiba. Pole, Demetria, unayekaa peke yako kwenye meza ya wawili. Mwenyezi Mungu amlaze Raudha mahali pema. Na wewe unayenisikiliza ukiwa ofisini, redio yako pembeni, nyanyua chupa yako ya chai. Tazama chini yake. Ni karatasi ya nani hiyo?

Dirisha la maombi la mwaka huu lilikuwa bado wazi. Asubuhi baada ya hitima, Bi Hija alimwita Nusaiba jikoni, penye debe la unga. Akamwambia awaandikie wenye ufadhili.

"Niandike nini, mama? Raudha hayupo."

"Andika hivyo hivyo. Mwombaji amefariki. Hatuombi nafasi. Tunaomba asomwe."

Nusaiba akashika kalamu, kisha akasita. "Kupitia kwa nani?"

"Hakuna. Inatoka kwangu."

Wakaiweka barua hiyo pamoja na ile yenye muhuri, katika bahasha mpya isiyo na duara. Bi Hija akapaka gundi mwenyewe. Akaupitisha ukucha wake pembezoni, mara mbili, kama anavyomaliza ukingo wa kitambaa. Wakaenda posta kwa miguu. Karani alinyoosha mkono kuipokea. Bi Hija hakuiachia mpaka alipomwona akiigonga muhuri na kuitupa kwenye mfuko wa barua zinazoondoka.