Bi Toleo na Helmeti Mbili za Njano

Leo ni tarehe kumi na nne Juni, na huu ni mwezi wa saba tangu nifunge sanduku langu la vifaa nikaja huku kwenye kituo cha kusukuma maji. Huko makao makuu, tarehe thelathini ya mwezi huu, Bi Toleo atarudisha kitambulisho cha kazi baada ya kuitumikia kampuni miaka thelathini na mmoja, yote katika chumba kimoja cha usanifu, ghorofa ya pili, mlango wa karibu na ngazi. Mimi sitakuwepo. Pampu haziniruhusu.

Mhariri wa jarida letu alitaka wasifu huu, utakaosomwa pia kwenye hafla ya kumuaga, uandikwe na mtu wa ofisini. Bi Toleo akakataa. Alisema watu wa ofisini watampamba tu. Aandike mmoja wa wale wanaokata chuma kwa michoro yake, maana hao wakiudhika husema. Ndiyo maana kalamu imemwangukia fundi wa kuchomelea mwenye shule fupi na mgongo unaouma. Nitasema ninachokijua.

Alianza kama mchoraji, enzi za meza za kuinamia na karatasi ndefu za kuviringisha. Mume wake ni fundi cherehani, na kwa kuwa yeye tunamwita dada, mumewe kampuni nzima tunamwita Shemeji. Shemeji ndiye aliyezishonea meza zile vifuniko vya turubai ili vumbi lisiingie, na mpaka leo kimoja kinafunika printa kubwa. Bi Toleo akasoma masomo ya jioni huku analea mabinti wawili, akawa mhandisi msanifu, na miaka hii ya mwisho amekuwa mkuu wa chumba kizima: timu ya mitambo upande wa dirisha, timu ya umeme upande wa ukutani, na katikati yao kabati refu la mafaili ambalo hakuna aliyekumbuka nani aliliweka pale.

Jina la Bi Toleo tulimpa sisi wa karakana. Mchoro ukirekebishwa hupewa herufi mpya, A, B, C, ili ijulikane lipi ndilo toleo la sasa. Ukimpigia simu kumuuliza kipimo, hata salamu hazijaisha atakuuliza, "Una toleo gani mkononi?" Siku moja Shingo, dereva wetu wa kreni aliyepata jina hilo kwa kuangalia juu maisha yake yote, alimpigia kumwambia kwamba mke wake amejifungua mtoto wa tatu. Bi Toleo alikuwa amezama kazini. Akauliza, toleo gani? Shingo naye hakubabaika. "Toleo C, dada, na mama yake ameshaliidhinisha."

Sasa nije kwenye helmeti, maana bila helmeti hadithi yake haikamiliki.

Michoro ilipohamia kwenye kompyuta ilizuka shida. Watu wawili wanafungua faili moja, kila mmoja anarekebisha lake, na anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake bila kujua. Bi Toleo akagongomea msumari karibu na mlango, akatundika helmeti ya njano. Anayetaka kugusa mchoro mkuu lazima aivae. Akimaliza anaivua na kuirudisha. Wageni walishangaa kumkuta mtu amekaa mbele ya kompyuta, chini ya feni, na helmeti kichwani kama anaogopa dari. Lakini utaratibu ule ulishika miaka mingi.

Ulivunjika kwa sababu ya mkuu wa timu ya mitambo, tunayemwita Chuma. Chuma alikuwa haivui. Alikwenda nayo chai, alikwenda nayo msalani. Mkuu wa timu ya umeme, Waya, akachoka kusubiri. Alichukua helmeti nyeupe stoo, akaipaka rangi ya njano, akaanza kuivaa nyuma ya kabati. Kabati likawaficha. Muda wote huo chumba kilikuwa na vichwa viwili vya njano vyote vikirekebisha mchoro uleule. Fremu ya pampu ya kwanza ikatoka na matundu ya Chuma, mota ikaagizwa kwa vipimo vya Waya.

Sisi wa karakana, huku kituoni, tuliinua mota kwa kreni, tukaishusha juu ya fremu, tukaisukuma kushoto, tukaisukuma kulia. Hakuna bolti hata moja iliyoingia. Shingo akapaza sauti kutoka kwenye kreni, "Fundi, hii mota ni ya fremu hii au ya jirani?" Tulikata fremu nzima tukaanza upya.

Mkurugenzi alikasirika, na sikumlaumu. Alisema kama timu mbili haziwezi kushika mchoro mmoja, basi atazitenga. Chumba kigawanywe kwa ukuta wa mbao, kila timu iwe na mlango wake, mkuu wake na mafaili yake, na Bi Toleo akistaafu nafasi yake ifutwe. Alimpa mpaka mwisho wa Mei kutafuta programu ya kutunza data za usanifu ambayo timu zote mbili zitaikubali kwa hiari yao. Ikishindikana, seremala anaanza. Na mbao zililetwa kabisa, zikaegemezwa kwenye korido. Kila asubuhi Bi Toleo alipita ubavuubavu ndipo afike mezani kwake.

Niseme wazi, sisi wa karakana ndio tulioogopa zaidi. Ukuta ungelifanya kosa la helmeti kuwa la kudumu. Naye Bi Toleo jambo hilo lilimuuma kwa namna nyingine. Chumba kile alikilea. Humo watu waliogombana asubuhi waliazimana rula mchana. Hakutaka kuondoka akisikia misumari ikigongwa nyuma yake.

Wauzaji watatu walikuja. Programu ya kwanza ilimteka Chuma, kwa sababu ilizungusha michoro yake ya mitambo hewani kama mchezo. Ya pili ilimteka Waya, kwa sababu ilijua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Ya tatu haikumteka mtu. Ilikuwa ya kijivu kama ndoo ya bati.

Kila muuzaji alikuja na mchoro wake wa maonyesho, safi, uliopangwa vizuri. Bi Toleo aliwashukuru, akaiweka kando, akawapa mafaili yetu wenyewe ya ile fremu. Mle ndani mlikuwa na faili linaloitwa "fremu mwisho", lingine "fremu mwisho kabisa", na lingine "fremu mwisho kabisa hii ndiyo". Muuzaji wa kwanza aliyasoma majina yale akaomba maji ya kunywa.

Halafu Bi Toleo akafanya jambo ambalo watu wa ofisini bado wanalisimulia. Alimwambia Chuma afanye kazi halisi ya wiki moja ndani ya programu anayoipenda Waya, na Waya afanye ndani ya ile ya Chuma. Waligoma. "Dada, unanitesa uzeeni," Chuma alimwambia. "Uzeeni niko mimi," akamjibu, "wewe kaa hapo." Wiki ilipoisha walitoka wote wawili wamenuna, lakini kwa mara ya kwanza walilalamikia kitu kimoja: katika programu zote mbili hakuna mahali unapoona mara moja ni nani ameushika mchoro sasa hivi.

Jaribio la mwisho alilileta kwetu huku. Mtandao wa huku unapatikana ukipanda juu ya tangi, simu zetu zina vioo vilivyopasuka na vidole vyetu vina grisi. Shingo alifungua ile programu ya Chuma, akaangaliaangalia, akataka kuifunga. Aliona kitufe kikubwa cha kijani, akakibonyeza. Kule ofisini ikatokea taarifa kwenye kila kompyuta kwamba michoro ya kituo kizima cha maji imeidhinishwa na dereva wa kreni. Bi Toleo akapiga simu hapohapo.

"Hongera, mhandisi. Umeidhinisha kituo kizima."

"Asante, dada," Shingo akamwambia. "Na mshahara nao uangaliwe."

Muuzaji alijitetea kwamba hayo ni mambo ya mipangilio tu, yanarekebishika. "Mwanangu," Bi Toleo akamwambia, "yarekebishe kwanza, ndipo uje kuniuzia." Ile ya pili haikufunguka kabisa juu ya tangi. Nilikaa pale nikiangalia kiduara kikizunguka mpaka shingo yangu nayo ikaanza kufanana na ya mwenye jina.

Ikabaki ile ya kijivu. Si nzuri, na kutafuta faili la zamani ndani yake kunachosha. Ila ilifungua mafaili ya timu zote mbili. Mtu akiushika mchoro, jina lake linatokea juu kwenye mstari wa njano, kila mtu analiona, na wengine wote wanaweza kusoma tu. Toleo jipya likitoka, lile la zamani kwenye simu zetu linapigwa msalaba mwekundu. Wa kuidhinisha ni yule aliyeruhusiwa tu. Shingo alijaribu mara nyingi kwa makusudi, akashindwa.

Bi Toleo hakuwaambia wachague nini. Aliwakalisha Chuma na Waya mbele ya kompyuta moja, akawaonyesha ule mstari. Nilihadithiwa na mchoraji aliyekuwepo. Waya aliutazama akasema, "Hii ni helmeti tu, ila haiwezi kupakwa rangi." Chuma alicheka, akainua mkono kujikuna kichwa, akakuta bado ameivaa. Aliivua, akatembea mpaka mlangoni, akaitundika msumarini. Tangu hapo hajaishusha.

Mkurugenzi alipofika kusikia jibu, wakuu wote wawili walisema neno moja: ile ya kijivu. Aliuliza tu, je, mbao zile? Bi Toleo alikuwa ameshaongea na seremala. Kabati lilisogezwa ukutani, na mahali ambapo ukuta ungesimama zile mbao zikawa meza moja ndefu, ya timu zote. Ndiyo hiyo mliyoizunguka sasa hivi mkisomewa haya. Msiimwagie chai.

Wiki iliyopita tulipokea fremu ya pampu ya pili, ya kwanza kuchorwa ndani ya programu ya kijivu, ilipokuwa bado kwenye majaribio. Shingo aliishusha mota polepole. Bolti ziliingia zote kwa mkono, bila nyundo wala matusi. Sisi watu wa vyuma hatuna maneno mengi ya shukrani. Nilipiga picha, nikapanda tangi, nikamtumia. Jibu lilirudi bila salamu: "Toleo gani?" Nikamwandikia kwamba ni D, na kwamba ndilo la sasa, nimelihakiki. Akanitumia alama ya dole gumba, na nasikia Shemeji alisimuliwa habari hiyo usiku mzima.

Zawadi ya kuagwa aliichagua mwenyewe. Ile helmeti halali amesema ibaki msumarini. Anaitaka ile bandia ya Waya, kwa sababu ndiyo iliyompa kazi yake nzuri kuliko zote, na Shemeji anataka chombo cha kuwekea nyuzi.

Dada yetu, kwa niaba ya wote wanaokata, wanaochomelea na wanaoangalia juu, asante. Pumzika vizuri, ulale mpaka jua litoke, na nyumba yenu iwe na furaha na afya. Mimi natarajia kurudi mwishoni mwa Agosti, pampu ya tatu ikishakaa, na kabla ya kufika kwangu nitapita kwenu na bolti moja mfukoni ili uone ilivyotoshea.