Tarehe Zote Zimeandikwa: Maisha ya Wakiuru Muchiri, 1999–2025

Wakiuru alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1999, mjini Kitale, mtoto wa pili wa Muchiri Gikonyo na Mary Ann Wakonyo. Mama yake, ambaye ndiye aliyesimulia mengi ya haya, anasema mtoto huyu alianza kuongea mapema na hakupumzika tena.

Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 2005. Akiwa na miaka tisa, sukari ilipungua jikoni na kaka yake Kim akalaumiwa. Mary Ann alikuwa ameshainua mwiko. Wakiuru akasimama katikati yao akauliza, "Mum, uliona kwa macho ama ulisikia tu?" Mary Ann hakuwa ameona. Kesi ikaishia hapo, na Kim, ambaye sukari alikuwa ameilamba kweli, akaponea. Tangu siku hiyo nyumbani aliitwa Wakili.

Alifanya KCPE, mtihani wa shule ya msingi, mwaka wa 2012 na KCSE, wa sekondari, mwaka wa 2016, akajiunga na chuo kikuu Septemba 2017 kusomea sheria. Wakati wa likizo alikaa kwenye meza ya viazi ya mama yake karibu na mtaa wa Kipsongo, akiwasomea watu barua za serikali zilizowanyima usingizi. Alipata shahada Desemba 2022. Baadaye alikwenda Nairobi kwa mafunzo ya uwakili, ambako mtu husoma mwaka mzima, kisha hukaa miezi sita chini ya wakili mzoefu akiifanya kazi yenyewe, ndipo aapishwe. Mtihani wa mwisho aliumaliza Novemba 2024.

Miezi yake sita aliianza Bungoma, Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025, katika ofisi ya Wakili Absalom Khaemba. Alibeba faili, alipanga foleni mahakamani, alichapa barua. Mwezi wa Machi akaja Mama Rispah, mjane kutoka Kabuchai. Shamba lake la miwa lilikuwa limepewa mtu mwingine, kwa hati yenye sahihi ya mumewe ya tarehe 2 Septemba 2023.

"Na mzee alikufa mwezi wa nane," Rispah alisema. "Lakini cheti cha kifo sikuchukua."

Absalom alitikisa kichwa. Wakiuru akauliza, "Mama, programu ya mazishi uko nayo?"

Rispah alifungua Biblia yake akaitoa, ile karatasi ya maisha ya marehemu iliyogawiwa na kusomwa siku ya mazishi. Ilisema mzee alifariki tarehe 19 Agosti 2023 na kuzikwa tarehe 26. Alipotia sahihi ile hati, alikuwa na wiki moja kaburini.

"Hiyo si cheti," Absalom akasema.

"Si cheti, sir. Lakini ilisomwa mbele ya watu mia mbili na hakuna aliyepinga."

Basi Wakiuru akaandika hati ya kiapo ya Rispah ya kupeleka mahakamani, na programu ikaambatishwa. Akafanya kosa moja, la mwanafunzi mwenye furaha: chini kabisa, mahali pa jina la ofisi, aliweka jina lake na namba yake ya simu. Absalom aligundua baada ya nakala kufika kwa upande wa pili.

Simu ya kwanza ilipigwa Jumatano, tarehe 21 Mei. Sauti ilikuwa ya upole. "Sasa Wakili. Si wewe ni wa Kitale? Si urudi tu huko, bana." Ya pili, tarehe 29, ilitaja rangi ya lango la nyumbani Kitale. Mary Ann alimsihi: "Mami, wachana na hiyo file." Wakiuru akacheka. "Mum, umeona kwa macho ama umesikia tu?" Lango hilo lilipakwa rangi nyingine kesho yake, kazi bure.

Hakuwa ameolewa. Mchumba wake Tonny alikuwa aje na wazee wake kujitambulisha tarehe 26 Julai.

Ijumaa, tarehe 6 Juni, saa kumi na moja jioni, akitoka kwa Mama Rispah kwa miguu, aligongwa na gari ambalo halikusimama. Ilikuwa siku ya soko na barabara ilijaa watu. Wote walisikia kishindo. Hakuna aliyeona kwa macho. Polisi wameandika kwamba ni ajali, nasi tumeandika kwamba wameandika hivyo. Simu yake ilipatikana, mkoba wa faili haujapatikana. Alilazwa hospitalini Bungoma siku mbili, mama yake akimshika mkono, na akatutoka Jumapili, tarehe 8 Juni, saa tatu asubuhi. Inatuuma kupita kiasi.

Aliyechukua mkoba alipata nakala. Programu halisi ya yule mzee iko mahali ambapo hapatatajwa hapa leo. Tena Jumatano iliyopita wamama wa Kabuchai walifika kwenye matanga, wakamsalimia Mary Ann, na bila maneno mengi kila mmoja akatoa kwenye mkoba wake programu ile ile ya mume wa Rispah. Zilikuwa kumi na moja.

Wakiuru ameacha wazazi wake, kaka yake Kim, Tonny, na Mama Rispah, ambaye si jamaa kwa damu lakini leo ameketi na familia. Kesi itasikizwa Bungoma, Jumatano, tarehe 18 Juni, saa tatu asubuhi. Wakili Absalom atasimama. Mary Ann ataketi mbele.

Karatasi hii mliyoshika msifungie karanga. Iwekeni ndani ya Biblia. Tarehe zote ziko, na mmezisikia zikisomwa leo, Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, na hakuna aliyepinga.

Mungu ampe Wakiuru pumziko ambalo sisi bado hatujalipata.