Mteremko wa Akheri

Benchi letu liko Kijenge, mbele ya kibanda changu cha kinyozi, na kahawa anauza Aristides. Wenye benchi tunajulikana. Kuna Mikaeli, anayeziba pancha kando ya barabara, tunamwita Presha kwa sababu kwake kila kinachoharibika duniani kimeharibiwa na upepo kuzidi au kupungua. Kuna Saruni, dereva mstaafu wa magari ya watalii, tunamwita Diwani kwa kuwa hawezi kutoa hoja akiwa amekaa. Kuna Mwalimu Lesian, wa jiografia. Na kuna Kartik, wa duka la vigae la baba yake, mzee Pravin, ila wiki ninayoisimulia hakuwepo. Alikuwa nyumbani kwao na mkono umefungwa kifuani, na sisi tulikuwa tunagombana kuhusu baiskeli yake.

Kartik na Mwalimu walianza kuendesha pamoja mwaka juzi kwa ajili ya kupunguza vitambi. Kila Jumapili, Mwalimu akitoka ibada ya asubuhi, wanapanda njia za mashambani huku chini ya Meru, wanarudi wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wanakaa hapa wanacheka. Halafu wakasikia kuna mashindano ya baiskeli ya wasiolipwa, watu wa kujifurahisha tu, kutoka Momela kushuka hadi Akheri, na vitambi vikasahaulika.

Ndipo benchi likaingilia kati. Kartik alinunua baiskeli mpya, nyekundu, yenye shokapu mbele na nyuma. Mwalimu alizunguka kwa wauza mitumba hadi akapata fremu nyepesi yenye shokapu ya mbele peke yake, akabadilisha gia, akaridhika. Diwani alisema shokapu ya nyuma inakunywa nguvu za mtu kwenye kupanda. Presha alisema shokapu hazina maana, kinachotakiwa ni tairi laini linalong'ang'ania vumbi. Kesho yake Diwani akataka tairi gumu. Mwalimu hakumsikiliza yeyote. Kartik alitusikiliza wote, akawa leo anatoa upepo, kesho anajaza, leo kiti juu, kesho kiti chini. Wao wawili walikuwa wamekubaliana jambo moja tu: siku yenyewe ikifika, kila mtu na mbio zake.

Siku ilipofika, mimi, Presha na Aristides tulikwenda kuwasubiri Akheri. Mwalimu akatokea na fulana yake ya kijani, akiwa wa tatu. Wa tatu, mtu wa mtumba, kati ya watu wenye baiskeli za bei ya kiwanja. Tulimbeba. Hakucheka, tukadhani ni uchovu. Tukamuuliza Kartik yuko wapi, akasema hakumwona njiani, labda amebaki nyuma. Baadaye likaja gari la waandaaji, Kartik amekaa mbele, mweupe kama unga, mfupa wa mtulinga, ule wa begani, umevunjika. Likapitiliza kwenda hospitali.

Jumatatu Presha akafungua kesi. Alisema upepo ulijazwa hapa Kijenge, na upepo wa Kijenge ukiupeleka juu Momela unavimba ndani ya tairi, unataka kutoka, kwa hiyo baiskeli inarukaruka kama mbuzi. Jumanne Diwani akasimama, akasema ni breki. Baiskeli ile imetengenezwa na watu wa nchi tambarare, breki yake haijawahi kuona mteremko, ikiuona inashtuka. Aristides, ambaye kawaida hamwagi maneno, alisema ni rangi, kwamba nyekundu inawavuta nyuki, na Akheri kuna mizinga. Kufikia Jumatano, Presha alishakuwa na tetemeko dogo la ardhi ambalo limempitia Kartik peke yake.

Mwalimu alikuwepo siku zote hizo, lakini hakutulia. Anakaa, anasimama. Anaagiza kahawa, anaiacha inapoa. Anatazama simu, anairudisha mfukoni, anaitoa tena. Tulimwambia alete ile medali tuione, akasema iko nyumbani. Nilimuuliza kama amekwenda kumwona mwenzake. Alisema ana mitihani ya kusahihisha.

Alhamisi jioni bajaji ya mizigo ikasimama mbele ya benchi, akashuka mama mmoja wa makamo, kitenge kiunoni, gambuti miguuni. Nyuma ya bajaji kulikuwa na ile baiskeli nyekundu. Tulimwamkia. Akaitikia, akasema anaitwa Joyce, shamba lake liko kwenye kona ya ule mteremko, na gari lilimchukua kijana likaiacha baiskeli kwake. Alichoambiwa ni kwamba mwenyewe anakaa Kijenge, na bodaboda wakamwelekeza kwenye benchi la wapenda baiskeli.

Hatukumpa hata nafasi ya kukaa. Presha aliruka kwenye tairi kulibonyeza. Lilikuwa bapa kabisa. Akasema limeisha upepo baada ya kuanguka, kwa hiyo kesi yake bado ina nguvu. Diwani alikuwa anaminya breki, anatuita tuje tusikilize zinavyolia. Rimu ya mbele ilikuwa imejikunja, kila mmoja ana maelezo yake kuhusu namna ilivyojikunja. Aristides ndiye aliyemsogezea mama kigoda na kikombe. Mwalimu alikuwa amesogea mpaka kwenye mlango wa kibanda changu, nusu ndani, nusu nje.

Mama Joyce alitutazama, akanywa kahawa yake, kisha akasema:

— Mimi nilikuwepo alipoanguka.

Tukaacha baiskeli.

Alieleza kwamba alikuwa anakata majani ya ng'ombe kandokando ya njia. Kijana alikuja kasi, akapita kokoto, gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji wa maji, akatupwa. Si breki, si nyuki. Ni mfereji, upo pale tangu masika. Yeye akaweka panga chini akaanza kutafuta pa kupitia kwenye ua wake. Kabla hajatoka, akaja mwingine, mwenye fulana ya kijani, akasimama, akashuka, akapiga magoti kando ya aliyeanguka.

Wote tulijua nani alivaa fulana ya kijani. Hakuna aliyegeuza shingo.

— Yule aliyeanguka analia, alisema mama Joyce. — Analia kama mtoto, ameshika bega, na huku anamwambia mwenzake, nenda, nenda. Mwenzake akaangalia juu walikotoka, akaangalia chini wanakokwenda. Akapanda, akaenda. Nilipofika nikamkuta amebaki peke yake.

Alizungusha kikombe mkononi.

— Sikuja kumsema mtu. Ila tangu siku hiyo nawaza, sipati jibu, na mimi sheria za mashindano sizijui. Ninyi mnazijua. Mtu analia, anakuambia nenda. Unakwenda?

Diwani alikaa. Presha aliokota kitambaa chake akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na kitu. Mimi nilitafuta la kusema, nikaona kila nililonalo linahusu baiskeli. Aristides aliinamia jiko lake.

Mwalimu akatoka mlangoni.

— Aliniambia mara mbili, mama, alisema.

— Nilisikia, mwanangu. Alisema mara mbili.

Mwalimu aliiendea baiskeli, akajaribu kuisukuma, rimu ikakwama kwenye uma wa mbele unaoishika. Presha alimwambia aiache, atakuwa ameinyoosha kufikia asubuhi, haitachukua muda. Mwalimu alitikisa kichwa, akaiinua akaiweka begani, pedali ikimchoma mgongoni, akashika njia ya kwenda kwa kina Kartik. Mama Joyce akaweka kikombe chini, akamwomba dereva wa bajaji amsubiri, akamfuata. Tuliwaona wakivuka barabara, mama ameshikilia gurudumu la nyuma lisimpige Mwalimu kichwani.

Diwani alisema kitu kuhusu mvua, hakikuendelea.

Giza lilikuwa linaanza kuingia mama Joyce aliporudi kuchukua bajaji yake. Tulimzunguka tukataka kujua wamepokelewaje, kama Kartik amekasirika, kama mzee Pravin amemfukuza mtu. Alisema hapana. Mama yake Kartik, Hansa, ndiye aliyefungua mlango, na Kartik akaja nyuma yake na mkono wake umefungwa. Hata baiskeli hakuitazama.

— Aliuliza jambo moja tu, alisema mama Joyce akipanda. — Alimuuliza mwenzake, ulikuwa wa ngapi? Anauliza huku anatabasamu, anataka kweli kujua.

— Mwalimu akasemaje?

— Nimemwacha amesimama pale mlangoni, baiskeli bado iko begani.