Sifa za Kikombe Kitupu

Pale ukuta wa chuo unapokata kona, nyuma ya maktaba, pana benchi la mbao lililotiliwa tofali upande mmoja ili lisiyumbe. Mbele yake pana jiko la mkaa, birika jeusi kwa masizi, ndoo ya kuoshea vikombe, na kigoda cha Shangazi, muuza kahawa. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale. Wateja walimpachika jina hilo, likamganda. Yeye humimina, wao huongea. Tena huongea kwa sheria, msidhani ni fujo tupu: mwenye ruhusa ya kusema ni yule ambaye kahawa bado imo kikombeni mwake. Ikimwishia, anafunga mdomo mpaka ajaziwe. Sheria hiyo aliitunga Jaji, fundi viatu, siku ambayo ubishi wa mpira ulitaka kupindua jiko, na tangu hapo watu wamejifunza kunywa kwa kulambalamba ili wasinyang'anywe zamu.

Jioni hiyo hawakuwa na habari na mpira. Jana yake chuo kilifanya tamasha kubwa, Siku ya Mazingira na Uchumi wa Mtaa, na Shangazi alialikwa kama mfanyabiashara wa mtaa. Alivaa nguo yake ya kutokea, akasugua birika mpaka mikono ikamuuma, akaenda. Alirudi amenuna. Alimweleza Antena, fundi simu, maneno machache tu, na Antena hajaumbwa kukaa na neno tumboni.

— Getini! Antena alikuwa anafoka, kikombe juu. Wamemwalika wenyewe, kwa midomo yao, halafu wanamzuia getini. Eti mkaa marufuku, leo siku ya mazingira. Jiko likabaki kwa askari. Ndoo nayo ikabaki, eti ni plastiki. Mtu mzima akaingia na birika la maji baridi kama anakwenda kumwagilia maua.

— Na lile jenereta? aliuliza Saruji, mwashi mzee ambaye mgongo ulimstaafisha kabla ya umri. Lile lililonguruma kutwa nzima nyuma ya ukuta huu, nikashindwa hata kupumzika mchana. Lile lilikuwa linakunywa nini? Maziwa?

— Lilikuwa la spika, mzee wangu. Spika za hotuba ya hewa safi.

— Hewa safi! Na msafara wa mgeni rasmi je? Magari yamesimama pale getini, injini zinawaka tangu mwanzo wa hotuba mpaka mwisho, ili akirudi akute kiti chake kimepoa. Halafu muuaji wa mazingira ni Shangazi na vipande vyake vya mkaa!

— Taratibu, alisema Jaji, ambaye hakuwahi kuonekana mahakamani ila siku aliyofuata baiskeli yake iliyoibwa. Ushahidi uje kwa mpangilio. Antena, bado unayo kahawa. Endelea.

Antena alichomoa fulana ya kijani kutoka kwenye mfuko wake, akaikung'uta hewani wote waione. Mgongoni palikuwa na maandishi makubwa: NUNUA BIDHAA ZA MTAANI.

— Walikuwa wanagawa bure. Sasa geuza hapa shingoni, soma lebo. Imeshonwa wapi?

Jaji alisogeza macho, akasoma, akasonya kwa nguvu.

— Ng'ambo, huko kote!

— Huko kote! Na mafundi cherehani wa barabara hii hii wamejaa vibarazani wanapiga miayo. Nunua bidhaa za mtaani! Mtaa upi? Wa sayari gani?

Shangazi alikuwa anapuliza makaa. Moshi ulimwingia, akakohoa, akakohoa tena, kikohozi kile kikavu ambacho binti yake humlalamikia kila asubuhi. "Pole, Shangazi," walisema wote watatu kwa pamoja, bila kugeuza shingo, na wakaendelea.

— Hamjafika kwenye yenyewe, alisema Antena. Sikilizeni hii.

Shangazi alijua inayokuja. Uso ulianza kumchoma upya. Walimketisha chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, naam, plastiki, na kibao kifuani: MJASIRIAMALI WA MTAA. Mgeni rasmi akapita na kundi lake. Akasimama mbele yake, akachukua kikombe kimoja juu ya meza, kitupu, kikavu, akakipeleka mdomoni. Akafumba macho. Akavuta funda la hewa. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika nyuma kabisa, "Mmm! Hii ndiyo kahawa yetu!" Watu wakapiga makofi. Picha zikapigwa, nyingine kutoka upande wa kulia, nyingine wa kushoto, mama shika birika juu kidogo, mama tabasamu. Walipomaliza, mgeni akarudisha kikombe, akageuka upande wa pili, na akapewa kahawa ya moto iliyotoka kwenye mashine, ndani ya kikombe cha karatasi. Alikunywa nusu, akakitupa.

Antena alivyosimulia, aliongeza chumvi zake, lakini hapo kwenye kikombe kitupu hakuongeza kitu. Hapakuhitaji.

Saruji alitazama kikombe chake kilichojaa.

— Mtu mzima, alisema. Anasifu hewa.

— Na ukweli ni kwamba hapo bado hawajamaliza, alisema Antena. Wakati wa kukunja maturubai, yule mwalimu aliyeandaa shughuli akamfuata Shangazi. Eti anaona aibu kwa yaliyotokea, eti anataka kurekebisha. Eti Shangazi aingie ndani, mlangoni pa maktaba, apewe kibanda chenye paa na jiko la gesi. Kwa sharti. Mkaa uondoke hapa konani, na benchi nalo liondoke. Mtu atatumwa jioni hii kuchukua jibu. Akikataa, nafasi anapewa mwenye mashine.

— Ahaa! alisema Jaji. Ahaa! Sasa tumefika.

Hapa ndipo Shangazi alipojuta kumwambia Antena. Alikuwa amelala na jambo hilo usiku mzima, anageuka huku na huku. Alikuwa na hasira na chuo, hasira ya kweli. Lakini pia alikuwa ameliona lile paa, mwalimu alipompeleka kukitazama kibanda. Alikuwa amelitazama jiko la gesi, akaliwasha kwa kidole, likawaka bila kumtoa machozi.

— Wanataka siri ya kahawa yake, alisema Antena. Kipimo cha tangawizi. Wakishamweka pale ndani, wanamchungulia wiki moja, wanatia kwenye mashine, wanamtoa.

— Acha utoto, alisema Saruji. Tangawizi nani anaihangaikia? Wanataka hii kona. Mimi niliujenga ukuta huu nikiwa kijana. Mnajua kwa nini umepinda hapa? Kwa sababu tulipochimba msingi tulikuta kitu.

— Kitu gani?

— Kitu! Tukaambiwa tufukie, tupindishe ukuta, na tusiseme. Sasa benchi limekaa juu yake. Mazingira, mazingira, kumbe wanataka kuchimba.

— Kama ni dhahabu mbona ulikubali kuwa maskini, mzee wangu?

— Sikusema dhahabu. Nimesema kitu.

Jaji aliinua mkono. Kikombe chake kilikuwa na tone moja chini, tone ambalo amelilinda kuanzia mwanzo wa kikao. Kwa tone hilo huwa anatawala mpaka jua lizame.

— Nyote mmechelewa. Hawa watu wanauza moshi.

— Moshi gani?

— Moshi ambao haujatoka. Sikilizeni, nilimsikia mtu mmoja akieleza huku namshonea soli. Shangazi akizima mkaa, ule moshi ambao angeufukiza unapimwa, unaandikwa, unauzwa ng'ambo kwa matajiri wanaotaka kufukiza wao. Wao wanafuka kwa amani, chuo kinapokea, na Shangazi anapewa kibanda.

Saruji alifikiri.

— Yaani mtu analipwa kwa kitu ambacho hakikutokea?

— Ndivyo.

— Basi mimi nimeacha kujenga maghorofa mengi sana. Malipo yangu yako wapi?

— Na pumzi zetu je? Antena aliruka. Mnadhani benchi linawauma kwa nini? Watu watatu tunaobishana hapa kila siku, mnajua ni joto kiasi gani? Tukinyamaza, hewa inapoa. Wanauza ukimya wetu! Tunauzwa tumekaa!

Shangazi aliweka birika chini.

— Mimi nadhani yule mwalimu...

— Shangazi! Jaji alimtikisia kidole, anacheka. Huna kikombe!

Wakacheka wote. Utani wa zamani huo, humtania kila anapofungua mdomo, na siku nyingine zote yeye naye hucheka. Jioni hiyo hakucheka. Alijaza vikombe vya Antena na Saruji kimyakimya, na kifuani kitu kilikuwa kinapanda ambacho safari hii si moshi. Alikumbuka msimu wa mvua. Mvua ikianza, hawa mabwana hukimbilia kibaraza cha duka, na yeye hubaki hapa peke yake ameshika mwavuli juu ya jiko, mgongo wake unalowa. Hakuna aliyewahi kurudi kumshikia huo mwavuli. Na leo kona hii imekuwa urithi wao, watu wa kuifia.

— Hukumu, alisema Jaji. Shangazi haendi popote. Kesho alfajiri wakija kuchukua benchi, tunalala chini, mbele yake.

— Na mgongo wako, Saruji?

— Nitalala ubavu.

— Tutaandika bango, alisema Antena. MOSHI WETU HAUUZWI.

— Na wateja wote wagomee chuo.

— Sisi tunanunua nini chuoni?

— Hatununui kitu. Ndiyo tugomee sasa!

Walikuwa wamewaka kwelikweli. Antena alimaliza kahawa yake kwa funda moja, kwa ushujaa, Saruji akafanya vivyo hivyo, na Jaji, kwa uzito wa tukio, akalinywa lile tone.

Hapo akatokea msichana mmoja, mwanafunzi, begi begani, amevaa ile fulana ya kijani. Hawakuwahi kumwona pale. Alisimama pembeni ya benchi kwa adabu.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu, sauti nzito, macho kwenye fulana.

— Nimetumwa na mwalimu. Nimekuja kuchukua jibu la mama wa kahawa.

— Jibu tunalo, alisema Jaji, amesahau kuwa kikombe chake ni kitupu. Haendi. Kamwambie hivyo, na umwambie ameambiwa na benchi zima.

— Sawa, baba. Msichana alitikisa kichwa, lakini hakuondoka. Na mama mwenyewe amesemaje?

Jaji alifungua mdomo.

— Amesema... Akamgeukia Antena. Antena, alisemaje?

— Mimi? Mimi nimesimulia ya jana tu. Mzee Saruji ndiye aliyekaa naye karibu.

— Karibu nimekaa, alisema Saruji. Lakini sikumsikia akisema.

— Mlimuuliza lakini?

Antena alianza kuikunja ile fulana, kwa uangalifu ambao si wa kawaida yake.

— Binti, swali zuri, alisema Jaji, akanyoosha kikombe kwa Shangazi. Hebu niongezee kidogo hapa, Shangazi, nimjibu.

Shangazi aliinua birika. Lilikuwa jepesi, imebaki ya kikombe kimoja. Alisuuza kikombe kisafi ndooni, akajaza mpaka ukingoni, na Jaji akiwa bado amenyoosha mkono, akakipeleka mdomoni mwake mwenyewe. Alikunywa funda moja, polepole. Ilikuwa moto, chungu, nzuri. Miaka yote hiyo hakuwahi kuinywa akiwa ameketi.

— Mwanangu, alimwambia msichana, mwambie mwalimu naja. Jiko nalitaka, na paa nalitaka. Kifua changu kimechoka. Lakini vikombe naja na hivi hivi vyangu, vya kuosha, si vya kutupa. Na geti asifungiwe mtu anayetaka kahawa, hata kama ana vumbi la saruji. Na yule mgeni wake, siku akitaka tena kunisifu, kwanza atakaa chini anywe, iunguze ulimi wake, ndiyo aseme. Haya yote utayakumbuka?

— Nitayakumbuka, mama.

— Lakini Shangazi, alianza Saruji kwa unyonge, sisi tulikuwa tunakutetea.

— Najua, kaka yangu. Aliweka kikombe gotini. Jana waliniketisha kule na kibao kifuani, wakanisemea, wakanipigia makofi, na hakuna aliyeniuliza kitu. Leo nimeketi hapa, katikati ya watu wangu, mmenisemea tangu jua liko juu, mmenihukumia, mpaka alfajiri yangu mmeipanga. Na nyinyi pia hamkuniuliza. Sasa niambieni nyinyi mnaojua mambo: kati yao na nyinyi, tofauti iko wapi?

Alisubiri. Alikunywa funda la pili, akasubiri tena, anawatazama mmoja mmoja. Jaji aliangalia ndani ya kikombe chake, kisha ndani ya birika. Hapakuwa na hata tone.