Koki, Fundi Bomba wa Nyumba Arobaini Tupu

Mara ya kwanza kumwona marehemu ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1989, saa tano asubuhi, uani kwa mama yetu. Bomba lilikuwa limepasuka na maji yameingia mpaka chini ya vitanda, mama akamwita fundi. Akaja kijana mwembamba, suruali ameikunja mpaka magotini na spana imechomoza mfukoni. Alifunga maji ya ua mzima, akachimba, akachoka. Akamgeukia dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekaa karibu na beseni la nguo, akamwambia, "Dada, naomba maji ya kunywa."

Dada akamtazama. "Maji umeyafunga mwenyewe, fundi. Mimi nikupe ya wapi, nikamue ukuta?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kijana naye akacheka, akasema, "Basi nitakunywa nikimaliza. Adhabu yangu hiyo."

Tangu siku ile dada yangu alimwita Fundi, na sisi wengine tukamwita Koki. Yeye aliitika kote kuwili. Bomba lilipona siku hiyo hiyo, lakini fundi aliendelea kuja kulikagua kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Mama alisema katika maisha yake hajaona bomba linalouguzwa namna ile.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa pili kati ya watatu, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba mpaka anaanza shule hakujua kama dunia ina harufu nyingine. Kaka yake alifariki angali mdogo. Dada yake mdogo yupo nasi hapa leo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978. Hesabu alizipenda, insha zilimshinda. Nafasi ya sekondari hakuipata, kama wengi wetu, na mwaka 1980 aliingia chuo cha ufundi akasomea bomba kwa miaka miwili. Cheti chake alikitia kwenye fremu kikakaa ukutani, akawa anakifuta vumbi mwenyewe. Aliajiriwa idara ya maji mwaka 1982 na alifanya kazi huko kwa miaka kumi na sita, hadi wafanyakazi walipopunguzwa mwishoni mwa 1998.

Alimwoa dada yangu tarehe 20 Aprili 1991. Binti yao alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1993, na ndiye mtoto wao pekee. Waliishi vizuri. Hawakuwa watu wa kelele. Jioni wangeweza kukaa barazani saa nzima bila kusemezana, na ukipita ungejua kwamba wale wawili wanazungumza.

Kazi ilipokwisha alihangaika mwaka mzima na vibarua. Tarehe 6 Februari 2000 alisafiri kwenda Ulaya, kwenye mji wa pwani wenye jua karibu mwaka mzima, ambako mtu wa mtaani kwetu alimtafutia kazi ya kuosha masufuria katika jiko la hoteli. Alipoaga alisema, "Miaka miwili tu, nyumba ikisimama narudi." Mimi ni mwashi, na nyumba hiyo nilikuwa niijenge mimi.

Masufuria aliyaosha kwa miaka mitatu. Siku moja wageni wamejaa, njia ya maji machafu ikaziba na jiko likafurika. Fundi wa hoteli hakupatikana. Marehemu aliweka chini sufuria, akalala kifudifudi kwenye maji yale, akaizibua kwa waya wa kuanikia nguo. Mpishi mkuu alimwangalia kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Baada ya wiki mbili alimpeleka kwa tajiri mmoja mwenye jengo barabara ya ufukweni, na marehemu akapewa kazi ya kulitunza. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na mitano.

Jengo lilikuwa na fleti arobaini. Wenyewe walikuja miezi miwili ya likizo, wakaondoka. Miezi kumi zilikuwa tupu. Kila Jumanne na kila Ijumaa marehemu alizipitia zote: anafungua mlango, anafungua madirisha hewa ipite, anafungulia maji kwenye kila koki yasilale yakaoza, anavuta maji chooni, anafunga, anakwenda inayofuata. Funguo arobaini kwenye pete moja. Bahari iko mbele yake, jua linawaka, na barabara nzima haina mtu ila mfagiaji.

Picha alizotuma zilikuwa za siku hizo. Amesimama kwenye roshani, kaptura nyeupe, bahari nyuma yake. Tulizibandika ukutani. Majirani walikuja kuziangalia wakasema, "Koki amekuwa mwinyi." Kwa kuwa tulimwona mwinyi, hakuna aliyemwambia rudi. Tulisema, mtu aliyezoea pale aje huku kufanya nini? Mama yake alipofariki mwaka 2006 hakuweza kuja kwa sababu karatasi zake hazikuwa tayari, na hata hapo wapo waliosema starehe imemlevya. Alikuja likizo mara mbili, mwaka 2009 na 2013, wiki tatu tatu.

Mwaka 2012 alianza kunipigia simu kila Ijumaa mchana. Mimi si mtu wa maneno, na alijua. Aliniambia, "Shemeji, usihangaike kutafuta la kusema. Weka simu mfukoni, nisindikize tu." Basi nikawa naiweka mfuko wa shati huku najenga, na nasikia pete ya funguo, nyayo, mlango. Na kabla ya kila mlango nikamsikia anasema, "Hodi."

Wiki ya tatu nikamuuliza, "Unampigia nani hodi, si ulisema hakuna watu?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nyumba ya mtu, shemeji. Utaingiaje tu kama upepo?"

Kwa hiyo alikuwa amepiga hodi mara arobaini kila Jumanne na mara arobaini kila Ijumaa, kwa miaka tisa, na hakuna aliyemjibu. Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini mlango uliofuata aliposema hodi mimi nilisema, "Karibu." Kisha akasema, "Ahsante," na nikasikia anapenga kamasi. Ukawa utaratibu wetu. Vibarua wangu walinicheka. Mmoja alisema, "Jamani, fundi anakaribisha matofali." Sikuwaeleza.

Siku moja alipomaliza mlango wa arobaini hakukata simu mapema kama kawaida. Nikasikia anashuka ngazi, nyingi, halafu mlango wa chuma, halafu muungurumo mkubwa kama wa mashine ya kusaga.

"Hapo ni wapi, Koki?"

"Kwangu."

Alikuwa anaishi chini ya jengo, chumba kimoja ubavuni mwa mashine za kuchemshia maji. Dirisha lake lilitazama magurudumu ya magari. Roshani zote tulizobandika ukutani zilikuwa za wenyewe, aliingia kupiga picha akiwa anapitisha hewa. Akaniambia, "Usimwambie dada yako. Ananiona nipo juani. Mwache anione huko huko." Nikamwahidi.

Ahadi hiyo naisema leo mbele yenu kwa ruhusa ya dada yangu.

Mei 2014 alituma picha nyingine, na nyuma yake juu ya kiti palikuwa na kofia ya kike ya ukili yenye utepe mwekundu. Dada yangu aliiona. Alikuwa ameomba kwenda kumtembelea mara tatu, na mara tatu aliambiwa si wakati mzuri. Akaviunganisha. Hakupiga kelele, aliibandua picha ile, kisha nyingine zote, akaziweka kwenye bahasha. Mtaa nao ukamsaidia: "Miaka kumi na minne, bibie, mwanamume haishi kwa kuangalia bahari." Simu ikilia alimpa binti yake azungumze. Mimi nilijua kofia ni ya mwenye fleti. Nilijua kwa nini hakukaribishwa: hapakuwa na mahali pa kulaza mtu wa pili. Nilimwona dada yangu akikonda, nikanyamaza miaka minne, kwa sababu niliahidi na kwa sababu sijui kuanza mazungumzo. Kosa hilo ni langu, si la marehemu.

Jumanne, tarehe 13 Novemba 2018, marehemu aliteleza bafuni katika fleti ya ghorofa ya tano akavunjika nyonga. Simu aliiacha chini, chumbani kwake. Alilala pale sakafuni hadi Alhamisi, alipokuja mwanamke anayesafisha ngazi mara moja kwa wiki na kusikia koki inatiririka. Aliponipigia kutoka hospitali alikuwa anacheka. "Bahati yangu nilianguka Jumanne, shemeji. Ningeanguka Ijumaa mngeshanilia mkamaliza." Nikacheka naye. Kisha nikamuuliza alikuwa anafanya nini siku mbili zile. Akasema, "Nilikuwa napiga hodi."

Jumapili ya tarehe 25 nilikwenda kwa dada yangu nikamweleza yote, tangu ngazi mpaka kofia. Alinisikiliza bado ameshika ufagio. Nilipomaliza alisema, "Na wewe ulikuwa unajua," nikasema ndiyo. Hakunisemesha tena mpaka mwaka mpya. Lakini simu aliichukua mkononi mwangu hapo hapo, akampigia.

"Fundi, rudi."

Yeye akaanza, "Mama, nyumba haijaisha, bado dari na..."

"Nani kakuuliza dari? Sikuolewa na nyumba, wala sikuolewa na bahari. Rudi."

"Nitakuja na gongo la kutembelea. Sina kazi tena."

"Njoo nalo."

Akauliza kwa sauti ndogo, nami niliisikia kwa sababu chumba kilikuwa kimya, "Kweli unanitaka?" Dada yangu akasema, "Miaka kumi na minane unangoja kuambiwa rudi, na mimi nangoja uniulize. Wapumbavu wawili."

Alirudi Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019, na sanduku moja, nusu yake spana.

Sitasema kwamba upweke uliishia uwanja wa ndege. Alikuwa amezoea. Alikula akiwa amesimama dirishani, sahani mkononi, mpaka dada yangu amshike bega: "Kaa, Fundi, hakuna anayekufukuza." Watu wakijaa sebuleni alitoka akakaa nyuma karibu na tangi la maji. Mwaka wa kwanza alipiga hodi hata chumbani kwake. Lakini dada yangu alikuwa anaitikia, hata akiwa jikoni, hata akiwa amekasirika. Taratibu akaanza kula amekaa. Taratibu wakarudi barazani jioni, kimya kile kile cha zamani. Koki za mtaa huu karibu zote amezitengeneza yeye, na asiyeamini akazifungue.

Kuanzia Septemba 2022 alisumbuliwa na kifua. Daktari alisema mapafu yamechoka. Alilazwa mara nne. Kila akilazwa wauguzi walimpenda, maana alikuwa akitoka kitandani kukaza mabomba ya wodi yanayovuja. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 21 Mei 2024. Katika siku zote hizo kumi na tatu hakulala peke yake hata moja. Dada yangu alikaa mchana na usiku, binti yao alikuja kila alipotoka kazini, nami nilishika zamu pale walipohitaji kupumzika. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini.

Marehemu ameacha mjane, ambaye ni dada yangu; binti mmoja, ambaye ni muuguzi; mkwe mmoja; wajukuu wawili, wa kike na wa kiume; dada yake mmoja; na sisi mashemeji zake watatu. Ameacha pia nyumba ya vyumba vinne ambayo haina dari, na mjane amesema itabaki hivyo hivyo kwa sasa.

Tunamwomba Mungu ampumzishe vema, na huko aliko ampe majirani.

Asubuhi ile zamu ilikuwa yangu. Dada yangu alikuwa amekwenda nyumbani kuoga na kubadili nguo, baada ya kukaa naye siku mbili mfululizo. Marehemu aliamka, akaangalia kiti cha dada, akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia amekwenda kuoga, yuko njiani anarudi, nimpigie afanye haraka? Akatikisa kichwa. Akanishika mkono, jambo ambalo hatukuwa na mazoea nalo, akasema:

"Mwambie asikimbie, shemeji. Mimi siendi popote."