Wifi Yangu na Mashine Moja

Wapendwa wa jumuiya, amani kwenu. Wazee wangu, shikamooni. Nimesimama kusema habari ya wivu, maana ulinikaba kweli.

Nina duka la kompyuta Kiboriloni. Nachapa, natunza picha na sauti za watu. Nilikuwa na mashine tano zinazokula umeme na kuchemka. Mke wa kaka yangu akafungua duka ng'ambo ya barabara na mashine moja tu. Wateja wakahamia kwake. Hata nikipanda mlimani Uru kumsalimia mama, ananiuliza, "Mkamwana wangu hajambo? Yule ana akili!"

Nikamwendea. "Wifi, nyingine umezificha wapi?"

"Humu humu. Ndani ya hii nimetengeneza tano za programu tu, kila kazi na yake. Moja ikipata kirusi naifuta, zilizobaki haziguswi."

Ndugu zangu, nawaambia, chai aliyonikaribisha niliiacha mezani. Nikauza zangu zote, nikanunua moja kubwa, nikajifundisha kwa video. Kumuuliza yeye? Thubutu!

Ikafanya kazi vizuri. Lakini ile mashine mama, inayozibeba zote, ndiyo niliyofungulia barua pepe. Siku moja nikafungua barua nisiyoijua ilikotoka. Kirusi kikafunga kila kitu: picha za arusi za watu, na nyimbo za kwaya yetu, pamoja na sauti ya mwalimu wao tuliyemzika.

Nikakaa sakafuni nikilia. Wifi akavuka barabara, akatazama.

"Aliyeingia kwenye mashine mama ameziingia zote, wifi. Hiyo hufungulii barua, huchomeki flashi ya mtu. Na nakala unaiweka nje yake."

Akatoa diski yenye nakala ya nyimbo zote za kwaya. Kumbe kwaya walimpelekea nyimbo yeye kwanza. Yeye kwanza! Hata katika machozi yale, hilo lilinichoma.

"Basi niwaambie waje wachukue kwako," nikasema.

"Kwangu kwa nini? Wape wewe. Hawa ni wateja wako."

Hapo ndipo nilipovunjika, wapendwa. Nilimkumbatia mtu niliyekuwa namwombea afunge duka.

Picha za arusi hazikurudi. Nilikwenda kwa wenyewe kuwaomba radhi. Nawashukuru walionisamehe, na kaka aliyenitia moyo nifungue tena. Wifi, nakushukuru mbele ya watu. Ulinifundisha upya, tangu mwanzo, bila kunisimanga.

Niwaachie hili: anayekuzidi, mwulize. Wivu wangu haujaisha. Juzi mama alimsifu tena, nikaumia. Nikavuka barabara, nikamwambia, "Wifi, nina wivu." Akacheka, akanisogezea kiti.