Sista Apolonia na Mizani Isiyokubali Blanketi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuzalisha, Sista Apolonia Jilala anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Aliripoti kituoni kwetu mwaka 1991 akiwa na sanduku la bati na saa ya mkononi. Saa bado inatembea.

Nimeombwa kuandika mimi Ndaki, mlinzi wa geti, kwa sababu ya mwandiko wangu. Zamani nilipima pamba kule Kasoli misimu tisa. Nilikuwa nalitazama gunia tu, nataja kilo. Mizani ikitaja kilo tofauti na zangu, aliitwa fundi wa mizani.

Sista alipima kila mtoto, na pembeni ya kilo akaandika umri wa mama. Alitufundisha kwamba binti wa miaka kumi na sita mwili wake bado unakua, unagombania chakula na mtoto aliye tumboni, na mara nyingi mtoto anatoka mdogo. Waliopita arobaini nao aliwafuatilia presha kila kliniki. Shida ilikuwa kuupata huo umri. Mabinti walifundishwa nyumbani kusema ishirini. Kuna mwaka wilaya nzima ilikuwa na miaka ishirini. Sista hakubishana. Aliuliza darasa la saba umemaliza lini, akapiga hesabu kichwani.

Mwaka 2019 nilimleta mpwa wangu Nyanjige, nikamwandikisha mwenyewe: ishirini. Alipojifungua, bibi wa mtoto akamviringishia blanketi tatu. Nikamnyanyua, nikatangaza kilo tatu kamili. Vigelegele vikapigwa. Sista akafungua blanketi, akamlaza kwenye mizani. Kilo moja na gramu mia sita.

“Mjomba Ndaki,” akasema, “mtoto umempima na blanketi. Umri wa mama yake uliupima na nini?”

Nikasema kumi na sita.

Hakunifokea. Alisema mtoto akipoa tunampoteza, akamweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, siku ishirini na tatu. Nyanjige akichoka, kifua kilikuwa changu. Gramu nyingi ziliongezeka kwenye zamu yangu, ingawa Sista hakuliandika hilo.

Mtoto huyo, Mihayo, yuko darasa la kwanza. Mwezi uliopita Nyanjige alijifungua tena: kilo tatu na gramu mia nne, bila hata kofia. Umri aliutaja mwenyewe, ishirini na miwili. Mimi niliambiwa nibaki getini, nikabaki.

Wabeja sana, yaani asante sana, Sista. Nenda nyumbani kwenu Lagangabilili ukapumzike kwa afya na amani, na ng'ombe wako wazae bila kukuamsha. Sisi huku tunafungua blanketi kwanza.